Mipira Haikuwatosha Waliookoka

Nimestaafu kazi ambayo hakuna mtu aliyeniajiri. Ninyi vijana mnaobaki na filimbi mmeniomba niwaandikie jinsi mambo yalivyokuwa katika kambi yetu ya soka ya watoto hapa Subukia, na nimekubali kwa sababu nikianza kuwasimulia kwa mdomo chai hupoa na mazoezi huchelewa. Kuhusu mshahara sitasema kitu, maana haukuwepo. Kuhusu vyeo nitasema kimoja tu: kocha mkuu alipoacha kuja, nikawa kocha mkuu. Hakuna aliyenipongeza. Nilikabidhiwa ufunguo wa stoo, na ndani ya stoo kulikuwa na panya.

Kazi yangu ya kula, kama mjuavyo, ilikuwa pale wakulima wanapoleta maziwa asubuhi. Nilikuwa mpimaji. Maziwa yakiwa yametiwa maji, mimi ndiye niliyemwambia mwenye ng'ombe mbele ya wenzake, kwa hiyo nilizoea kuchukiwa na watu wazima mapema kabla sijaanza kuchukiwa na wazazi wa watoto niliowaweka benchi. Agosti ile ya kwanza nilitumwa kanisani kupeleka maziwa ya chai ya watoto wa kambi. Nilikuwa nimevaa raba kwa sababu ya matope. Raba hizo ndizo zilizoniponza.

Pasta Elija, mwanzilishi wa kambi, alikuwa amesimama katikati ya uwanja, watoto wamemzunguka kama kuku wanaongoja mahindi. Kocha mmoja hakuwa ametokea. Pasta aliniangalia miguu kwanza, ndipo akaniangalia uso.

"Dada Naomi, ulicheza mchezo gani shuleni?"

"Netiboli, Pasta."

"Si hiyo pia ni mpira? Chukua hawa."

Nikachukua hawa. Asubuhi yote niliwafundisha kupokea mpira na kusimama tuli bila kusogeza mguu, kwa maana ndivyo nilivyofundishwa mimi. Walinitii kabisa. Mchana tukacheza mechi yetu ya kwanza, tukafungwa mpaka refa akachoka kuandika, lakini sijawahi kuona tena timu ya soka inayofungwa ikiwa imesimama vizuri namna ile.

Aliyeniokoa, na hapa kanisani neno hilo nalitumia kwa uangalifu, alikuwa Kochi Wafula. Huyu ndiye aliyekuwa kocha mkuu, fundi wa mabomba ya mvuke kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria, na kila Agosti alichukua likizo yake yote ya mwaka akaja kuimalizia kwenye mteremko wetu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Baada ya ile mechi alikuja akaketi karibu nami, akatoa pampu mfukoni, akaweka ile sindano yake mdomoni akailowesha mate, ndipo akaiingiza kwenye mpira.

"Ukiiingiza kavu," akasema, "unaua mpira. Watu wengi hapa wanaua mipira halafu wanalaumu shetani."

Hilo ndilo somo langu la kwanza, na hata leo sijui lingine lenye faida zaidi. La pili lilikuwa kuhusu viatu. Nusu ya watoto walikuja na viatu vya mpira vyenye meno, nusu walikuja na miguu waliyopewa na Mungu. Wafula alipanga wote wavue viatu, au wote wasicheze. Wazazi wenye viatu walinung'unika. Aliwajibu kwamba kidole cha mguu kikivunjika hakiulizi kiatu kilinunuliwa wapi. La tatu: msiwapange watoto foleni. Mtoto aliye kwenye foleni anangoja mawili, zamu yake au mtu wa kumfinya, na zamu huchelewa. Mpe kila mmoja cha kupiga, hata kama ni matambara yaliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. La nne lilikuwa filimbi. "Filimbi ni chumvi," alikuwa akisema. Mimi nilikuwa napiga filimbi kama polisi wa trafiki pale Nakuru, na nilimwona akifumba macho kila nilipopuliza.

Uwanja wetu mnaujua. Ukipiga mpira kuelekea kanisani, unarudi wenyewe; ukiupiga kuelekea bondeni, unaingia kwenye kahawa ya jirani, na jirani ana mbwa. Timu tulizipa majina ya Biblia. Kulikuwa na Simba wa Yuda, kulikuwa na Jeshi la Gideoni, na kulikuwa na timu iliyoitwa Ayubu, jina lililochaguliwa na mtu asiyewafikiria watoto. Kila mwaka Ayubu ilipata majipu. Mimi nilipewa Ayubu.

Kila siku tulianza na Neno, kisha mazoezi, jioni Neno tena. Kila zoezi lilitakiwa kuwa na fundisho lake la kiroho. Pasta aliamini kwamba kuotea ni mfano mzuri wa mtu anayetaka baraka kabla ya wakati wake. Nilimsikia akieleza hivyo Agosti nyingi, na watoto wakatoka pale hawajui kuotea na hawajui baraka. Lakini msimcheke. Mtu huyu aliuza ng'ombe wake wa maziwa ili kambi ianze, nami najua, kwa sababu yule ng'ombe nilikuwa nampima maziwa yake, na hayakuwahi kuwa na maji.

Sasa nije kwenye mipira, ambayo ndiyo hasa mliyoniuliza.

Kulikuwa na kanisa moja ng'ambo lililotusaidia. Kila mwaka walituma mipira mipya, mizuri, yenye harufu ya duka, na siku ya mwisho wakaja wageni wachache na kamera kuona matunda. Siku hiyo Pasta aliuliza chini ya hema ni mtoto gani anataka kumpokea Yesu. Walioinua mikono walikwenda mbele, wakaombewa, na kila mmoja akarudi na mpira. Nadhani ilianza kama ukarimu tu. Mtu akizaliwa, anapewa zawadi. Lakini watoto wa Subukia si wajinga. Mipira haikuwahi kutosha kambi nzima, na baada ya Agosti mbili hivi kila mtoto mwenye akili alijua mkono unainuliwa saa ngapi na mbele kuna nini.

Bingwa wao alikuwa Kevo, winga wangu wa kushoto. Kevo aliokoka kila mwaka. Aliokoka kwa machozi, tena machozi ya kweli, kwa sababu aliogopa mipira ingeisha kabla hajafika. Mama yake aliniambia sokoni, "Kochi, huyu mtoto ameokoka kunishinda. Na bado sukari yangu haikai kwa mkebe."

Wafula aliyaona haya akaendelea kujaza mipira upepo. Mwaka alioniaga, kabla hajahamia kwao Bungoma, alisimama nami tukitazama ule msururu wa watoto ukipanda kwenda mbele. "Ile foleni niliyokukataza," akasema, "ndiyo hiyo." Akachukua pampu yake akaondoka. Mwaka uliofuata nikawa na ufunguo wa stoo, na ndio mwaka aliokuja Zuhura.

Aliletwa na baba yake, Mzee Abdalla, mwenye duka la mapazia mjini Nakuru. Watu wake walitoka pwani zamani za reli, lakini yeye ni mtu wa Nakuru kuliko mimi. Alikuwa na kofia yake nyeupe na koti la baridi, na binti alikuwa na kama miaka kumi na mmoja, kilemba kimefungwa imara, suruali ndefu chini ya kaptura, na glovu za kipa zilizomzidi mikono.

"Wewe ndiye kochi?" mzee akaniuliza.

"Ni mimi, mzee."

"Nimetafuta mahali pa msichana kucheza mpira Nakuru nzima likizo hii. Nimepata ninyi tu. Sasa nikuulize jambo moja, unijibu bila kuzunguka. Mimi nimeleta kipa. Sikuleta muumini. Kuna mtu atamlazimisha mtoto wangu kuomba asichoomba kwao?"

"Hakuna, mzee."

"Hapo unaposema hakuna, unasema kwa niaba ya nani?"

"Kwa niaba yangu."

Alinitazama kidogo kama mtu anayepima kitambaa. "Haya," akasema. "Kusikiliza asikilize. Masikio hayana madhara."

Kuhusu chakula hakukuwa na matata, kwa sababu juma zima tulikula githeri, mahindi na maharagwe matupu, na githeri haina dini.

Nimeona makipa wengi. Wengi wao huwa kipa kwa sababu hawataki kukimbia. Zuhura alikuwa kipa kwa sababu alipenda kukataa. Alisimama langoni mwa Ayubu, na kwa mara ya kwanza katika historia ya kambi Ayubu haikufungwa siku ya kwanza, wala ya pili. Watoto wa timu nyingine walianza kumwita Ukuta. Nikamfundisha niliyojua: atoke mapema, ajifanye mpana, apige kelele akiita mpira ili mabeki wake wajue. Hili la kelele lilimsumbua. "Nyumbani naambiwa nisipige kelele," akasema. Nikamwambia hapa ni kazini.

Shida, kama ilikuwa shida, ilitokea kwenye Neno. Jioni kulikuwa na mashindano ya kukariri mistari. Watoto wetu wa Kikristo walikariri mstari mmoja wakasahau nusu wakielekea mbele. Zuhura alisimama akaitoa yote ya juma zima, mfululizo, bila kupumua.

Pasta akamuuliza kwa mshangao, "Umeshikaje hizi zote?"

"Kwa madrasa tunashika ndefu kuliko hizi, Pasta."

Alipewa zawadi ya penseli. Mimi niliona uso wa Pasta, nikaona ameanza kutumaini, na tumaini la Pasta lilikuwa kama mpira wetu: likishaanza kuteremka haliachi mpaka liingie kwenye kahawa.

Siku ya mwisho ikafika. Ayubu ilikuwa imeingia fainali, jambo ambalo wazee wa kanisa walilichukulia kama ishara. Wageni walikuja na kamera zao, wakaketishwa viti vya mbele. Mipira ilikuwa kwenye nyavu nyuma ya Pasta, inang'aa. Kwaya ikaimba polepole, Pasta akashika kipaza sauti, akauliza swali lake. Mikono ikapaa. Kevo alikuwa wa kwanza, bila shaka. Mimi nilikuwa nimesimama ubavuni mwa hema nahesabu wachezaji wangu, ndipo nikaona glovu.

Kati ya mikono yote ule ndio ulioonekana mbali, kwa sababu ulikuwa mkubwa na wa kijani. Kamera zote ziligeuka.

"Haleluya!" Pasta akaita, na hakuwa anaigiza. "Binti yangu, njoo! Wapendwa, hamjui huyu mtoto ametoka wapi. Mpisheni aje!"

Zuhura akaanza kupita katikati ya wenzake. Na hapo nikamwona Mzee Abdalla. Alikuwa amefika wakati huohuo kuangalia fainali, kashika chupa ya sharubati ya ukwaju, kasimama getini. Hakupiga kelele. Alishusha tu ile chupa polepole, akaiweka juu ya ukuta.

Vijana, kuna wakati kocha huingia uwanjani bila ruhusa ya refa. Nilikwenda mbele. Nilipita kati ya wageni na kamera, nikafika kwa Zuhura kabla hajafika kwa Pasta.

"Pasta, samahani," nikasema. "Huyu ni kipa wangu. Mechi iko karibu, lazima apashe mwili joto."

"Kochi, ngoja. Bwana anafanya kazi hapa."

"Baba yake amefika, Pasta. Ako hapo kwa geti."

Nilidhani nimenong'ona. Kipaza sauti kilikuwa kati yetu. Kambi yote iligeuka ikamwangalia mzee yule na chupa yake.

Mzee Abdalla alisema neno moja tu. "Zuhura."

Mtoto akaenda. Pale chini ya mlingoti wa goli alivua glovu akaziacha, kana kwamba zilikuwa zetu. Baba yake alikuja mpaka nilipokuwa nimesimama. "Ulisema kwa niaba yako," akaniambia, na sikujua kama ananilaumu au ananipa haki yangu. Kisha wakaondoka.

Fainali tulicheza na Kevo langoni. Alikuwa ameokoka kama saa moja tu, na kila alipofungwa alitoa maneno ambayo yangemrudisha mbele siku hiyohiyo. Tulipoteza vibaya.

Jioni Pasta aliniita ofisini. Aliniwekea chai mwenyewe, na hapo nikajua mambo ni mabaya.

"Dada Naomi, umeniaibisha mbele ya wageni."

"Nilimpa baba yake neno, Pasta."

"Na mimi niliwapa wale neno! Wakiniuliza kambi imezaa nini, niwaambie imezaa kona na penalti?" Alifunika uso kwa mikono. "Unafikiri sijui kuhusu mipira? Najua. Kila mwaka najiambia, hata kama kumi wamekuja kwa mpira, labda mmoja amekuja kwa kweli. Nitamkataaje huyo mmoja?"

Hata leo nadhani lilikuwa swali la haki. Lakini uamuzi wake ulikuwa umeshatoka: mwaka utakaofuata ningehudumu jikoni.

Zile glovu zilikaa kwangu mezani kama mgeni asiyeaga. Jumamosi moja nikazifunga kwenye gazeti nikaenda nazo Nakuru. Duka la Mzee Abdalla liko mtaa wa wauza vitambaa, na nilimkuta anapima pazia la mteja. Zuhura alikuwa nyuma ya kaunta anakunja vitambaa ambavyo tayari vilikuwa vimekunjwa.

"Karibu, kochi," mzee akasema bila kutabasamu. Alimaliza na mteja wake, akaagiza chai, akaketi. "Ile siku ya kwanza nilikuuliza kama atalazimishwa. Sasa nakuuliza tena. Alilazimishwa?"

Ningeweza kusema ndiyo, na ingekuwa rahisi kwetu wote. "Hapana, mzee," nikasema. "Hiyo ndiyo taabu yenyewe. Aliinua mwenyewe."

Zuhura akaacha kukunja. "Baba, kila mtu aliinua! Hata Kevo. Kevo huinua kila mwaka."

"Kevo ni nani?"

"Ni mtoto wa kanisa letu, mzee," nikasema. "Ameokoka mara nyingi. Kwao sasa kuna mipira kuliko vikombe."

Mzee akaweka mkasi chini. "Na wewe, Zuhura, ulitaka nini? Niambie ukweli, sitakupiga."

"Nilitaka mpira," akasema, na machozi yakaanza. "Walisema anayeinua anapata. Ule niliokuja nao kambini uliingia kwa mbwa wa jirani."

Mzee Abdalla alivuta kikombe chake. Alikunywa chai yote. Nilikuwa natafuta namna ya kuaga alipouliza, "Kwani mipira yenu huwatosha watoto?"

"Haijawahi kuwatosha."

"Kwa hiyo mwenye kutaka mpira hana budi ainue mkono."

"Ndivyo ilivyokuwa."

"Basi, kochi, hapo hakuna shida ya dini. Hapo kuna shida ya mipira."

Nilifikiri anatania ili anipe nauli ya kurudia nyumbani na moyo mwepesi. Sikumjua bado.

Agosti ilirudi. Mimi nilikuwa jikoni, nasonga ugali kwa sababu mwaka ule githeri ilipumzishwa. Asubuhi ya kwanza, kabla ya Neno, pikapu ikaingia getini imejaa nyavu za mipira. Mzee Abdalla alishuka, Zuhura akashuka na glovu zake. Alikuwa amezungukia wenye maduka wenzake mtaani, wa msikitini na wa kanisani, na hakuna aliyepona. Pasta akatoka mbio, wazee wa kanisa wakimfuata.

"Pasta, salaam," mzee akasema. "Nimeleta zawadi. Sharti ni moja: kila mtoto apewe wake leo, siku ya kwanza, kabla hajaulizwa kitu."

Pasta aliitazama ile mipira, akamtazama mzee. "Mzee wangu, nikuulize kwa heshima. Unataka kuwasilimisha watoto wangu kwa mipira?"

"La, Pasta," Mzee Abdalla akajibu kwa upole. "Hiyo ni njia yenu."

Nilisimama pale mlangoni pa jikoni na mwiko mkononi, na nilimwona mzee mmoja wa kanisa akigeuka kutazama milima ili asicheke. Pasta hakucheka. Lakini wakati huo watoto walikuwa wameshaizunguka pikapu, na kuna vita ambavyo mtu mwenye hekima haanzi. Kunyang'anya watoto mipira ni kimojawapo.

Mambo ya kiufundi, kwa ninyi makocha: kila mtoto akiwa na mpira wake, hakuna pasi. Juma zima sikuona pasi hata moja. Kutoka jikoni ilikuwa kama kutazama nyuki. Mipira ikiwa mingi, fungieni mingine stoo wakati wa mechi, na mwenye kulia alie.

Siku ya mwisho wageni wakaja tena na kamera, lakini safari hii nyuma ya Pasta hakukuwa na nyavu za mipira. Kwaya ikaimba polepole. Pasta akauliza swali lake.

Hakuna mkono ulioinuka.

Kevo alikuwa mstari wa mbele, ameketi juu ya mpira wake, mikono imekunjwa, mwenye amani ya mtu asiyedai kitu. Kwaya ikarudia ubeti. Pasta akauliza tena, sauti imeshuka. Mgeni mmoja akakohoa. Nilijua Pasta alivyoniudhi, lakini nawaambia, pale mlangoni na upawa wangu niliomba kwa nguvu kwamba yeyote, hata mbwa wa jirani, ainue mguu.

Ndipo mkono mmoja ukapanda, katikati ya hema. Ulikuwa wa Priska, kitinda mimba wa Pasta mwenyewe. Priska alicheza beki, mtoto mkimya, na kila mtu kanisani alijua, ingawa hakuna aliyelisema mbele ya baba yake, kwamba Agosti zote zile watoto wa watu walipopanda mbele, wa Pasta alibaki ameketi. Waumini walinong'ona. Mama yake alimwombea kwa kufunga.

Baba yake alisahau kabisa kwamba ameshika kipaza sauti. "Priska? Ni wewe?"

"Ni mimi, Baba."

"Na miaka hiyo yote, mwanangu?"

"Nilikuwa nangoja mipira iishe," Priska akasema. "Ningeinua mapema, mngesema nataka mpira."

Pasta Elija aliweka kipaza sauti kwenye nyasi. Alikwenda akachuchumaa mbele ya binti yake, vichwa vyao vikakaribiana, na waliyosema hakuna aliyeyasikia, wala wageni, wala sisi. Mwenye kamera aliishusha bila kuambiwa. Karibu nami Kevo alikuwa amesogea, akanivuta aproni.

"Kochi, kwani saa hii kunapeanwa nini?"

Nilikuwa na moshi machoni.

Katika ripoti ya mwaka ule Pasta aliandika mtoto mmoja. Alinionyesha kabla ya kuituma, akingoja nimwambie ni aibu. Nilimwambia ni maziwa yasiyo na maji. Kule ng'ambo waliisoma wakaona kwamba idadi imeshuka, wakajadiliana, wakaamua tatizo ni upungufu wa vifaa. Mwaka uliofuata walituma mipira maradufu. Tangu hapo tunaigawa siku ya kwanza, na ile ya ziada hupelekwa shule za jirani.

Mimi nilirudishwa uwanjani. Ningependa kusema ilikuwa kwa sababu haki ilishinda, lakini ilikuwa kwa sababu ya ugali wangu. Nilipewa Ayubu tena. Zuhura alikaa langoni mpaka umri wa kambi ukampita, na siku hizi shule yake ya upili ikifungwa huja kuwafundisha makipa wadogo kupiga kelele. Priska alibaki beki. Kevo ni kondakta wa gari la kwenda Nakuru na hukataa nauli yangu. Sijamuuliza kama ameokoka.

Na sasa Agosti hii iliyopita. Goti langu la kulia lilikuwa limeanza kulia likipanda ule mteremko, na siku ya kuniaga lilifura kama kiazi. Walinikalisha kiti cha wageni. Pasta, ambaye naye amezeeka, alikuja akaweka mkono juu ya goti akaliombea kwa muda mrefu, kwa sauti, kwa mifano ya kuotea. Alipomaliza, Mzee Abdalla, aliyekuwa amekaa kando na chai yake, akaomba ruhusa. Akafungua viganja, akasoma dua yake taratibu, akapangusa uso.

Pasta alilitafakari hilo. "Mzee wangu," akasema, "sasa likipona, tutajuaje ni maombi ya nani?"

"Likipona, Pasta, chukua wewe," Mzee Abdalla akasema. "Lisipopona, lawama tugawane."

Halijapona.